Ngiri Aliyelinda Mlango wa Stoo

"Hodi, hadithi iko mlangoni."

"Karibu, iingie ikae."

"Imekuja na mtoto mgongoni."

"Tumeshaitandikia mkeka."

Basi, hapo kale wanyama walikuwa na mashine ya kusaga unga, tuku-tuku-tuku, kutwa nzima. Msimamizi alikuwa Ngiri, mwenye meno mawili ya nje na tumbo linalofanya kazi ya matumbo manne. Viazi na karanga za wafanyakazi wote aliviweka stoo, akajifungia humo, akala peke yake, kacha-kacha-kacha.

Pimbi, mdogo kuliko wote, alikuwa mpepetaji, naye alikuwa amejifungua karibuni.

Siku ya kwanza matiti yakajaa, akamwendea Ngiri.

"Bwana msimamizi, naomba pahali pa kunyonyesha."

"Chooni pana nafasi."

Akaenda chooni. Nzi, vuu-vuu. Mtoto akaachia titi, akalia, nyii, nyii.

Siku ya pili akaomba tena.

"Nyuma ya mashine pana nafasi."

Akaenda nyuma ya mashine. Vumbi, puu. Mtoto akapiga chafya, akaachia titi, akalia, nyii, nyii.

Siku ya tatu akaomba tena.

"Uani pana nafasi."

Akaenda uani. Nyani wachukuzi wakatua magunia, wakamkodolea macho. Pimbi akaona haya, maziwa yakagoma kutoka. Mtoto akalia mpaka sauti ikakauka.

Mbavu za mtoto zilikuwa zinahesabika. Pimbi aliogopa kwelikweli, maana mambo yakiendelea hivyo wiki moja zaidi, maziwa yangekauka na mtoto angemponyoka. Akawaza huku anapepeta.

Siku ya nne akamkuta Ngiri ameshika tumbo, anaguna.

"Pole, bwana. Umepigwa jicho."

"Jicho la nani?"

"La wenye njaa. Si wanakuchungulia kwenye tundu la ufunguo ukila? Bibi yangu alikuwa mkunga, magonjwa haya aliyajua."

Ngiri akatoka jasho. "Dawa yake?"

"Mtoto mchanga anyonye humo stoo, asubuhi, adhuhuri na alasiri, siku arobaini. Mlango uwekwe pazia. Asichungulie mtu, hata wewe. Ukae nje, kila anayekuja apige hodi."

"Na viazi vyangu?"

"Vimeshaingiwa na jicho. Anayenyonyesha tu ndiye visiyemdhuru, kwake vinageuka maziwa."

Ngiri akakubali. Pimbi akaingia na mtoto, akawaita Swala na Kima, wenzake wanaonyonyesha, na watoto wao, maana dawa ikizidi si vibaya. Ndani kimya, mtoto ananyonya, nyu-nyu-nyu. Nje Ngiri anafoka, "Hodi kwanza, nyie Nyani."

Kwa kuwa Ngiri hakula tena chakula cha watu wanne, tumbo lake likapona.

Siku ya arobaini Pimbi akatoka na mtoto amenona.

"Dawa imekwisha, bwana. Stoo yako hii."

Ngiri akashika tumbo. "Na jicho likirudi?"

"Hilo siwezi kukuahidi."

Ngiri akatazama mlango, akatazama viazi, akavuta kigoda chake, akaketi tena nje.

"Basi endeleeni."

Funzo ni hili: mama akitaka pahali pa kunyonyesha kazini, aombe mara moja tu, kwa adabu, atapewa, maana wakubwa wote wana huruma. Na mlioona pazia mlangoni, mshukuruni Ngiri. Wazo lilikuwa lake.

Hadithi imetoka. Rudishieni mlango polepole, mtoto amelala.