Maji ya Wasio na Kata

Paukwa!

— Pakawa!

Ala, mnajibu kama watu waliolala na njaa! Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya, hapo sawa. Na wewe unayetafuna muwa, tema kwanza, usikie.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo nyanya yangu naye alisimuliwa tu, palikuwa na kijiji kando ya mto wa mchanga. Juu mchanga mtupu, maji yamejificha chini. Kisima kilikuwa kimoja, na mlinzi wake alikuwa Bibi Wakesho. Mfupi, mwembamba, mdomo mkali. Jamani, laiti ningemwona kwa macho yangu!

Kila alfajiri Bibi alishuka kisimani na kata yake ya kibuyu. Akachota. Hakunywa. Alimwaga kwenye hori la mti: chururu! Akasema, "Haya ni ya wasio na kata." Akachota tena: chururu! "Ya wasio na kata." Hori likijaa, ndipo watu wachote.

Walikuja swala. Walikuja kanga na nyani. Walikuja ndovu, ndi, ndi, ndi, wakanywa, wakakwarua mchanga pembeni, kwaru, kwaru, wakaenda zao.

Watu wakamuuliza, "Bibi, mbona hatukuoni ukisali na wenzako?"

"Nimeshasali," alijibu. "Nimemwekea swala maji, akanitazama, akanywa. Kama hilo si jibu la Mola, basi sijui jibu lake linafananaje."

Basi, mvua ikakosa. Mwaka wa pili ikakosa. Mwaka wa tatu, mawingu yakaja kuchungulia tu, yakapita. Mkuu wa kijiji alikuwa Mwandoe, mtoto wa Bibi mwenyewe. Mkewe alikuwa ndiyo kwanza amejifungua, na maziwa yalikuwa yanamkauka.

Mwandoe akashuka kisimani. "Mama, watoto wanalia kiu, nawe unawamwagia nyani?"

"Mwanangu, uliza kwanza. Kisima hiki alichimba nani?"

"Huu si wakati wa vitendawili, mama. Alichimba babu. Nani asiyejua?"

Bibi akanyamaza. Na ukimwona mwenye mdomo mkali amenyamaza, ogopa.

Wakakata miiba ya mgunga, wakazungusha boma. Hori wakalipasua kuni. Ndovu wakaja, ndi, ndi, ndi, wakanusa miiba. Wakasimama. Wakaondoka. Kijiji kikawa kimya, na kimya kile kilikuwa kibaya.

Kila mtu alipewa kata moja kwa siku. Bibi alikunywa nusu. Nusu aliibeba mpaka kona ya mto, akaimwaga kwenye kigae cha chungu. Hata haikulia chururu. Ililia chu! Basi. "Ya wasio na kata," akasema. Watu wakamcheka, wakasema bibi wa watu amezeeka, ananywesha upepo.

Siku ya kumi, kata ikagonga mchanga mkavu. Ko!

Wakachimba hapa, pakavu. Wakachimba pale, pakavu. Wakachimba mpaka viganja vikatoa damu. Mtoto wa Mwandoe akaacha kulia. Si kwamba ameshiba. Sauti ilikuwa imemwishia. Mwandoe akamwangukia mama yake miguuni. "Mama, mjukuu wako anakufa."

"Nibebe mgongoni," alisema Bibi. "Chukua kata na kibuyu."

Akambeba hadi kona ya mto. Mchanga pale ulikuwa umejaa nyayo, zote zimezunguka kigae. Wakakaa kichakani. Alasiri ikafika. Ndi. Ndi. Ndi. Akaja ndovu jike na ndama wake. Akatia mkonga kwenye kigae, akakuta unyevu kidogo. Akanusa mchanga. Akasogea, akanusa tena. Halafu akapiga mguu: kwaru! Kwaru! Kwaru! Mchanga ukawa mweusi. Mara maji hayo!

Mwandoe akaruka. Bibi akamshika mkono.

"Keti."

"Mama, mtoto wangu!"

"Keti, nimesema. Yeye naye ana mtoto."

Mwandoe akaketi, machozi yanamtoka. Ndama akanywa. Mama yake akanywa. Kisha wakasogea pembeni, wakangoja.

Mwandoe akaenda, akachota kata ya kwanza, akamletea mama yake. Midomo ya Bibi ilikuwa imepasuka kwa kiu. Lakini hakupokea. Alikitazama kigae. Mwandoe akaelewa. Akaenda akamwaga: chururu! Akasema, "Ya wasio na kata." Kata ya pili ndiyo Bibi aliyokunywa.

Akajaza kibuyu, akakimbia nyumbani. Mkewe akanywa. Jioni ile maziwa yakarudi, mtoto akanyonya, akalia. Ngaa! Kijiji kizima kilitoka nje kusikiliza kilio kile.

Mwandoe akarudi kumchukua mama yake. Safari hii aliuliza. "Mama, kisima kile cha zamani alichimba nani?"

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Sasa umeuliza! Walichimba hao hao ndovu. Babu yako alikaa kichakani kama sisi, akangoja zamu yake."

Boma la miiba likachomwa. Hori jipya likachongwa. Bibi Wakesho alipofariki, mkuu wa kijiji mwenyewe, mvi kichwani, ndiye aliyeshuka kila alfajiri na ile kata.

Siku hizi tuna mabomba, na nyayo za ndovu hatuzioni tena. Nawakumbuka, ingawa sikuwakuta. Mimi kikombe changu cha kwanza bado namwaga uani. Nyinyi mnanicheka, najua. Kunguru hawanicheki.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kweli kabisa. Ila wewe, kabla hujazungusha miiba, uliza kwanza nani mgeni, nani mwenyeji.

Hadithi yangu imefika penye maji, nami hapo naitua.