Hodi ya Zimwi Popo

Paukwa!

Pakawa!

Nyie, sogeeni. Na wewe wa mlangoni, ingia ndani, unatazama nini huko gizani?

Hapo kale nondo, wale vipepeo wa usiku, hawakuwa na masikio. Wakisemezana kwa ishara tu. Na Zimwi Popo hakuwala bila kubisha. "Hodi! Hodi! Hodi!" Kimya. "Kumbe nyumba haina mwenyewe. Isiyo na mwenyewe ni yangu." Akaingia, akala.

Siku moja akamla Chausiku, binti wa nondo mmoja, Bi Mwanatumu. Mama alirudi akakuta mabawa tu sakafuni. Mjusi wa ukutani, aliyeona yote, akamweleza kwa ishara: Zimwi alibisha, hakujibiwa, akaingia.

Basi Bi Mwanatumu akaenda kwa Buibui, fundi wa ngoma, akamwashiria: "Nitie masikio. Nimebakiwa na mwanangu Kidawa peke yake."

"Kichwani hapana nafasi, bibi. Macho tu yamejaa."

"Basi toboa mbavuni!"

Buibui akatoboa mbavuni, akawamba kingozi chembamba. Uuwi, maumivu yake! Sauti ya kwanza kuisikia ilikuwa ya Kidawa akicheka. Mama akalia kama mtoto.

Magharibi ikaingia.

"Hodi!"

Bi Mwanatumu akamkumbatia Kidawa.

"Hodi!"

Akapiga moyo konde. "Mwenyewe yumo!"

Hodi ya tatu haikuja. Zimwi hakuwahi kujibiwa, na penye mwenyewe haingii mpaka aambiwe karibu. Mara sauti ikarudi, nyembamba, ya kitoto.

"Hodi, mama. Ni mimi Chausiku. Nina baridi."

Jamani! Hakuwahi kuisikia sauti ya mwanawe hata siku moja, angeijuaje? "Karibu" ikamfika mdomoni. Mkono ukashika komeo.

Kisha akauondoa. Tangu lini mwanangu akabisha hodi kwao?

"Mwanangu huingia tu," akasema. "Wewe nenda zako!"

Zimwi akasaga meno, akaondoka.

Kulipokucha nondo wote wakaenda kwa Buibui. Huyu kifuani, yule tumboni, mwingine mdomoni kabisa. Hadi leo popo akibisha, wapo wanaomjibu ta-ta-ta, yumo mwenyewe! Wengine hujiangusha majanini kumkwepa, pu! Msiwacheke.

Na kila magharibi Bi Mwanatumu huisikia ile sauti mlangoni: "Mama, nina baridi." Analia, hafungui.

Hadithi yangu imekomea hapo, na komeo nimelitia. Sauti tamu isikufungulishe mlango. Mjue kwanza anayebisha.