Jinsi Mrehani Alivyohamia Kibuyuni

Zamani, kabla ya bibi zetu na bibi zao, harufu haikujua kusafiri. Jani likinukia, lilinukia pale pale lilipoota, na mtu aliyeitaka harufu yake aliinama akanusa, basi. Ukilichuma ukaenda nalo, lilikunyamazia njiani. Na mafuta ya ufuta nayo yalikuwa bubu. Siku ya kukamuliwa yalikuwa matamu, lakini hayakuchukua muda yakaanza kuchacha, na mwenyewe akayapaka bawaba za mlango badala ya kuyapikia. Msiniulize wapishi wa siku hizo walivumilia vipi. Walivumilia kwa kuwa hawakujua jingine.

Siku hizo, katika kijiji cha Lihangwa, bondeni kunakostawi ufuta, aliishi mjane aliyeitwa Somoe. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Sikujua. Kando ya mlango wao palikuwa na mrehani. Sikujua aliupanda mwenyewe akiwa bado na meno ya utoto, akaulea kwa maji aliyonawia uso, na kila asubuhi aliuinamia, akafikicha majani kidogo kidogo, akaingia ndani anacheka peke yake. Somoe alikuwa akimgombeza kwamba atakuja kuumaliza mti wa watu kwa kuupapasa. Alimgombeza kwa mdomo tu. Moyoni aliipenda ile asubuhi kuliko kitu kingine chochote alichokuwa nacho.

Binti akakua, akaolewa milimani na kijana mpole aitwaye Mbonde. Milimani ni mbali, na palikuwa na mila iliyoheshimiwa na wote: mama wa bi harusi hakanyagi ua wa mkwewe mpaka mjukuu wa kwanza aanze kutembea. Somoe aliwahi kuwacheka akina mama wenzake waliolia kwa ajili ya mila hiyo. Zamu yake ilipofika, hakuna aliyemcheka, maana hapakuwa na wa kuthubutu.

Habari zilikuja na Ngulangwa, mchukuzi wa chumvi, mtu ambaye ukimtuma neno moja hufikisha matatu.

"Mama Sikujua, hongera, mwanao ni mjamzito," alisema akitua mzigo. "Lakini hali yenyewe, mama, si nzuri. Kila kinachopikwa kule kinamrudi. Wanachemsha wanatia chumvi, basi. Anasema jiko lao halinukii chochote. Amekonda mpaka pete ya kidole ameihamishia gumbani."

"Wenyewe wanasemaje?"

"Wanasema asipokula, mimba haitakaa. Na mwingine akasema hata mwenyewe hatakaa, ila huyo tulimnyamazisha."

Somoe hakusubiri zaidi. Alitwanga ufuta wake wote wa msimu, akakanda, akakamua, akajaza kibuyu, na Ngulangwa akakibeba juani siku baada ya siku hadi milimani. Mama yake Mbonde, Bi Nambinga, alikizibua mbele ya watu akageuza uso. Mafuta yalikuwa yamechacha. Aliyamwaga nyuma ya nyumba, na kuku wakahama upande ule.

"Mkwe wangu anatutumia mafuta ya kupaka mizoga?" aliuliza. Ngulangwa aliporudi bondeni alilifikisha neno hilo kama lilivyo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuongeza kitu. Alisema pia kwamba Sikujua alikuwa ameketi, ameweka tayari kipande cha muhogo mkononi, na yalipomwagwa alikirudisha chunguni. Somoe aliumia kwa muhogo ule kuliko kwa mizoga.

Akajaribu tena. Alifunga majani ya mrehani katika jani la mgomba akayatuma, yakafika vumbi jeusi lisilo na harufu. Akayachemsha kwa maji ili atume supu yake. Harufu yote ikapanda na mvuke, ikatokea kwenye makuti, watoto wa jirani wakaja kuuliza kunapikwa nini, na chunguni kukabaki maji ya kijani ambayo hayakukawia kuota utelezi. Muda ulikuwa unapita. Kule milimani tumbo lilikuwa linakua na mwenye tumbo anapungua.

Basi alasiri moja Somoe aliketi kizingitini akaugeukia mrehani kwa hasira, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumkasirikia.

"Wewe amekulea kwa maji ya uso wake," alisema. "Leo anakufa njaa kule, nawe umesimama hapa unanukia bure."

Mrehani akatikisa majani ingawa hapakuwa na upepo.

"Usinigombeze, mama. Mimi pia nimemkosa. Tangu aondoke hakuna anayenifikicha."

Somoe alishtuka, lakini mama mwenye shida hana muda wa kushangaa sana. "Kama umemkosa, mbona huendi?"

"Sina wa kunibeba. Ulinitia kwenye maji, lakini maji hayatulii na mgeni. Yakipata moto yanapaa naye, yakipoa yanamwozesha. Nitafutie mwenyeji mzito, asiye na haraka."

Ndani ya nyumba, pembeni, palikuwa na kibuyu cha mafuta mapya aliyoyakamua kwa ufuta wa kuazima. Mafuta yakakohoa kidogo. Hayakuwa yamezoea kusema.

"Kama ni haraka, mimi sina," yakasema taratibu. "Ila mimi ni mgonjwa. Hewa hunila, na joto la njiani hunimaliza. Mgeni wangu atafika amekaa na maiti."

"Ugonjwa huo naujua," akajibu Mrehani. "Mimi hukaa juani mwaka mzima, na hewa inanizunguka, wala sichachi. Dawa ninayo mwilini. Nibebe, nami nitakulinda."

Kisha akamgeukia Somoe akampa masharti. Amchume umande ukishakauka. Amlaze kivulini mpaka asahau maji yote, kwa kuwa tone moja tu la maji lingewaozesha wote wawili. Asiwaweke juu ya moto, bali awazike katika majivu ya uvuguvugu na kuwaacha wazoeane.

"Na ujue jambo moja, mama. Nikiingia humo sitoki. Harufu yangu, ukijani wangu, dawa yangu, vyote vitabaki kwenye mafuta. Majani utayaona yamekuwa makapi."

"Nikuchume kiasi gani?"

"Yote."

Mrehani ule ndio kitu pekee cha mkono wa mwanawe kilichokuwa kimebaki nyumbani. Jioni alikuwa na desturi ya kukaa karibu nao, na alikuwa hajamwambia mtu kwamba alikuwa akiuamkia asubuhi. Kesho yake umande ulipokauka aliuchuma, tawi baada ya tawi, huku machozi yakimshuka, akihakikisha hayadondokei majani maana alikumbuka sharti la maji. Alipomaliza, mlangoni palisimama vijiti vitupu.

Aliyalaza majani kivulini mpaka yakawa mepesi na makavu. Akayatia kibuyuni, akakizika kwenye majivu ya uvuguvugu. Kila siku alifukua akachungulia. Mafuta yakaanza kuwa ya kijani na majani yakapauka, mpaka siku moja alipozibua, harufu ikamgonga usoni kama binti yake amepita mbio. Akayatoa makapi ya majani, akayafukia kwenye shina la mrehani, kisha akachana kipande cha kaniki yake mwenyewe, akaziba nacho mdomo wa kibuyu.

"Usifungue njiani," alimwambia Ngulangwa.

"Mimi, mama?" akajibu kwa kuumia. Hakufungua. Ni kweli kwamba kila alipokula muhogo wake mkavu aliuweka karibu sana na kile kizibo, lakini hilo si kufungua.

Alipofika milimani, Bi Nambinga alimsimamisha uani. "Safari hii kaa nacho huko huko nje," alisema. Sikujua alikuwa amelala chumbani, uso ameuelekeza ukutani, kama alivyolala siku zote hizo. Kabla mtu hajagusa kizibo, sauti yake ilitoka ndani, dhaifu lakini ya ukali kidogo.

"Nani anaufikicha mrehani wangu?"

Akatoka mwenyewe, ameshika ukuta. Muhogo wa kuchemsha ukaletwa, ukatiwa yale mafuta. Akala. Akaomba tena, akala, na Mbonde akaenda kusimama nyuma ya nyumba ili asionekane anavyolia. Bi Nambinga alichovya kidole, akaonja, akachovya tena.

"Mwambie mkwe wangu nilimkosea," alimwambia Ngulangwa. "Na umwulize hili jani kwao wanaliitaje."

Kesho yake kibuyu kilikutwa chumbani kwa Bi Nambinga. Alisema amekiweka huko kwa usalama.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, naye utosi wake ukapakwa mafuta yale yale, kwa kuwa hata baada ya miezi hayakuwa yamechacha. Yalipokaribia kwisha, Sikujua alikataza mtu asikombe kibuyu. Aliacha kiasi cha kidole kimoja chini, akaziba kwa kile kile kipande cha kaniki, akamkabidhi Ngulangwa bila kukiosha.

Somoe alikipokea akiwa amesimama mlangoni, kando ya vijiti vya mrehani vilivyokuwa vimeanza kuchipua. Alizibua. Kwanza ulikuja mrehani wake. Nyuma yake ukaja moshi wa jiko la ugenini, moshi wa jiko linalopikiwa watu wanaokula. Na chini kabisa palikuwa na harufu ya utosi wa mtoto mchanga, mtoto ambaye mila ilikuwa bado haijamruhusu kumwona. Alijipaka viganja, akavifunika usoni, akakaa hivyo mpaka uji wake ukaungua.

Ndiyo maana hadi leo, Lihangwa na bonde lote, mama anayeoza binti huchuma mrehani umande ukishakauka, akaulaza kivulini, akauzamisha kwenye mafuta mbali na moto mkali. Na ndiyo maana mafuta hayo hufika mbali bila kuharibika, na majani yake hayatupwi jalalani, hufukiwa kwenye shina yalikotoka. Na binti naye, hata awe na wageni wengi kiasi gani, hayamalizi. Huacha kidole kimoja chini, akakirudisha kibuyu bila kukiosha. Wasiojua husema ni mvivu. Mama yake akikipokea, hukaa chini kwanza, ndipo akafungua.