Kikombe cha Gwandu na Omolo

Hapo zamani, tena si zamani za mbali, aliishi Gwandu wa Mbulu, senta ambaye mpira wa kikapu haukuwahi kupata mwingine wa kumfananisha naye. Akiinua mikono chini ya kikapu, washambuliaji wanageuka. Alicheza ughaibuni miaka mingi, akatwaa vikombe vya kila aina, kisha akarudi kucheza nyumbani. Kikombe cha nyumbani tu ndicho kilichompiga chenga, maana kila fainali alikutana na Omolo, senta wa timu pinzani, na kila fainali Omolo alimshinda.

Ikabaki mechi moja kabla hajastaafu. Fainali. Na Omolo tena.

Daktari akamwambia, "Moyo wako mgonjwa. Ukicheza, unaweza kufia uwanjani."

Gwandu akamwapisha mkewe, Filomena, asimwambie mtu. Filomena akaapa. Lakini asubuhi ya mechi akamfuata Omolo.

"Shemeji, moyo wake mgonjwa. Akianguka, wewe ndiye utakayekuwa karibu. Msaidie."

Omolo akaitikia kwa kichwa. Hakumwambia mtu.

Mechi ikafika ukingoni, timu ya Gwandu ikiongoza kwa pointi moja. Omolo akadaka mpira chini ya kikapu. Gwandu akaruka kumzuia, akaanguka puu! kama gunia. Filimbi haikulia. Kikapu kiko wazi, Omolo na mpira mkononi. Akautupa pembeni! Akapiga magoti, akakandamiza kifua cha Gwandu, akakandamiza, akakandamiza. Muda ukaisha. Uwanja mzima watu wamejishika vichwa.

Gwandu akakohoa.

Kikombe kikapelekwa hospitali. Gwandu akakisukuma. "Mpeni Omolo. Bila yeye ningekuwa maiti."

"Sikitaki," akasema Omolo. "Mpira niliuacha mwenyewe. Aliyeweka roho yake rehani ni wewe. Na kama si shemeji kunionya, ningefunga kwanza ndipo nikutazame."

Wachezaji wa timu ya Omolo waliokuwapo wakaruka. "Kumbe ulijua! Tungejua sisi, tungemkimbiza mpaka miguu imwishe. Umetuuza!"

Gwandu akamgeukia mkewe, macho yamemtoka. "Filomena, uliniapia."

"Nilikuapia. Na leo ningekuwa mjane mwenye kiapo safi."

Aliyeshika kikombe akabaki amekikumbatia, hajui pa kugeukia.

Haya, ninyi mlionisikiliza, semeni. Gwandu aliyehatarisha roho, Omolo aliyeutupa ushindi, au Filomena aliyevunja kiapo: je, nani alistahili kile kikombe?