Amin Moja Nyuma ya Pazia

Wametusimulia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba watu wa Sarhani waliinuka siku moja wakamwondoa sultani wao dhalimu. Kwao ikawa furaha. Ng'ambo ya mto, katika mji wa Nahrawa, Amiri Mudhaffari akakosa raha. Akapiga marufuku mitumbwi kuvuka, akidhani mapinduzi huja yamefichwa kwenye mizigo ya wasafiri, na akawatia gerezani vijana arubaini kwa kosa la kuizungumza habari hiyo sokoni.

Hakutosheka. Ilikuwa ada ya Nahrawa kwamba kila Ijumaa khatibu humwombea mtawala juu ya mimbari, na waumini huitikia "Amin". Amiri akapanga askari msikitini wamsikilize kila anayeitikia kwa unyonge. Subhanallah! Ijumaa ile watu waliitikia amin kwa kishindo hadi njiwa wa paani wakakimbia.

"Umesikia wanavyonipenda?" Amiri akamuuliza khatibu, Sheikh Shuraihi, mcha Mungu asiyejua kusema uongo hata wa kumfurahisha mgeni.

"Nimesikia wanavyowaogopa askari, ewe Amiri. Ukitaka kuyajua mapenzi ya watu, waondoe askari hao Ijumaa ijayo. Na mapinduzi hayakuvuka kwa mtumbwi. Habari ilifika tu, ikawakuta watu wako wana machungu yao tayari."

Amiri akaghadhibika. "Nitawaondoa. Lakini asipoitikia hata mmoja, utauawa kwa kunivunjia heshima."

Ijumaa ikafika. Amiri akaketi safu ya mbele, bila askari. Sheikh Shuraihi akatawakali, akainua mikono: "Ewe Mola, mwongoze Amiri wetu."

Kimya. Watu wakatazama mikeka. Sheikh akaanza kutamka shahada kimoyomoyo.

Mara, nyuma ya pazia la wanawake, ikasikika sauti moja ya kukwaruza: "Amin!"

Baada ya swala Amiri akataka aitwe mwenye sauti. Akaja Bi Rumaitha, mjane msokota pamba.

"Mama, mbona umeitikia peke yako?"

"Mwanangu wa pekee umemtia gerezani, Amiri wangu. Dua ilikuwa uongozwe. Nani mjini hapa anahitaji kuongozwa kuliko wewe? Nami naiomba kila alfajiri tangu ulipomchukua."

Amiri akainama kwa aibu, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Wallahi, mama, hii ndiyo dua pekee ya kweli niliyowahi kuombewa!" Kabla ya alasiri vijana wote wakaachiwa, mitumbwi ikavuka, na akaagiza kila mtaa uchague wajumbe wa kukaa naye barazani kusikiliza malalamiko.

Ijumaa iliyofuata hakukuwa na askari, na njiwa wakakimbia tena. Amin ya Bi Rumaitha haikusikika siku hiyo. Mji mzima ulimzidi sauti, mwanawe akiwa safu ya kwanza.

Ndugu zangu, Mola atupe watawala wanaokiogopa kimya chetu kuliko kelele za jirani, na atupe sisi moyo wa kumwombea uongofu anayetuumiza. Itikieni, na iwe kama ile ya nyuma ya pazia.