Bata wa Mama Candri

Haya, mpo? Itikeni kama mpo, maana mimi sisimulii ukuta. Mpo? Vizuri. Na wewe uliyeutanda mkeka mzima peke yako, sogea, mpishe mwenzio. Tangu asubuhi mnagombania mkeka huu mpaka kichwa kinaniuma. Sogea, nimesema! Sasa nitawapa kisa cha watu waliogombania bata.

Zamani hizo, zamani ambayo hata babu yangu aliisikia tu kwa babu yake, hapa kisiwani Bali palikuwa na wafalme wengi, kila mmoja na kipande chake. Sisi tulikuwa na kaufalme kadogo. Ukitoka mwisho mmoja asubuhi, chakula cha mchana unakila mwisho wa pili. Lakini kalikuwa ketu, na Waholanzi walikataka. Walituma barua, mfalme apige magoti. Mfalme akasema magoti yake yana kazi nyingine. Basi wakatuma meli zenye mizinga.

Sasa mshikeni Mama Candri, kisa ni chake. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye ulimi mkali, na mtoto alikuwa naye mmoja tu duniani. Binti huyo, Candri, alikuwa akifuma vitambaa katika jumba la mfalme. Mali ya mama ilikuwa majaruba matatu ya mpunga, chini kabisa ya mlima. Na nyinyi mnajua maji yetu yanavyokwenda. Yanaanzia juu, yanashuka jaruba kwa jaruba, kila mtu na zamu yake, na zamu haiguswi mpaka chama cha maji kikutane na wote wakubali. Nimesema wote! Akikataa mmoja, hakuna maji.

Njia ya kutoka pwani kwenda kwa mfalme ilipita kwenye majaruba yake yale. Mavuno yalikuwa karibu, maji yamekwisha kutolewa, ardhi kavu, ngumu, gurudumu la mzinga lingepita juu yake bila shida. Mama Candri akatazama mpunga wake, umebakiza siku kumi uvunwe. Akatazama kule jumbani aliko mwanawe. Akapanda mlima akihema kwenda kwa mzee wa chama.

"Baba Rentet, piga mbiu. Tufunge malango yote yanayoingiza maji kwenye majaruba ya juu, maji ya mlima mzima yashuke kwangu. Yakikaa siku mbili, mzinga hautapita, utazama."

"Na mpunga wako, mama?"

"Mpunga utaoza. Piga mbiu!"

Gogo la mbiu likapigwa, watu wakaja. Wakahesabiwa, mmoja hayupo. Wakamngoja. Akaja, wakajadili kwa nini kachelewa. Wakaweka sadaka ya maua, ua moja likakosekana, wakalitafuta. Na Waholanzi je? Waholanzi walikuwa pwani wanashusha mizinga!

Mwishowe wakaulizwa, mnakubali? Wakakubali mmoja mmoja, mpaka ikafika kwa Baba Gelis, mwenye majaruba ya juu kabisa, pale bwawani. Ndiyo, babu yetu sisi. Msinitolee macho, sikumchagua mimi.

Baba Gelis akasema, "Bata."

"Bata gani?" akauliza Mama Candri.

"Bata wako waliokula miche yangu."

"Baba Gelis! Hiyo ni miaka sita iliyopita!"

"Hukuniomba radhi."

"Wazungu wako pwani na mizinga, wewe unaniletea habari za bata?"

"Sikuleta mimi. Bata walikuja wenyewe."

Na wengine wakafanya nini? Wakagawanyika! Hawa wanasema walikuwa bata wanne, hawa wanasema watano. Mama Candri alitamani kulia, alitamani kumrushia mtu kiatu, ila hakuwa na kiatu. Akashuka mlima mzima, akakamata bata wake mnene, akaupanda tena mlima mzima, akamtua Baba Gelis mapajani.

"Nisamehe, baba yangu. Bata wangu walikosa, na mimi nilikosa."

Baba Gelis akamgeuza yule bata, akamchungulia. "Huyu dume. Mimi nilifikiria jike, atage."

Mnacheka? Mama Candri hakucheka. Alishuka tena, akapanda tena, na jike kwapani. Ndipo babu yenu akasema, "Nakubali. Hata mara ya kwanza ningekubali, nilitaka tu uniombe vizuri." Mwanamume yule!

Malango yakafungwa, maji yakashuka. Siku mbili, usiku na mchana, yalikuwa yakiingia kwenye mpunga ule ulioiva. Siku ya tatu Waholanzi wakaja na ngoma zao na tarumbeta zao. Mzinga wa kwanza ukazama mpaka ekseli. Wa pili ukazama kuusaidia wa kwanza. Askari wakaingia matopeni mpaka mapajani, na vijana wetu wakawatokea na mikuki toka kila upande. Kufika alasiri Waholanzi walikuwa wanarudi melini, mizinga miwili wametuachia.

Candri akaja kumsaidia mama yake kung'oa mpunga uliooza. Akainama pale, matope usoni, akasema, "Mama, umempikia mfalme wao uji mzito."

"Wewe vuta majani, acha maneno," akasema Mama Candri, lakini alikuwa anacheka.

Natamani ningeishia hapo. Mtoto gani anayesema niishie hapo? Siwezi, mwanangu. Kisa chenyewe hakikuishia hapo.

Chama kilipokutana kushangilia, Mama Candri akasimama. "Watarudi. Na hawatapita kwangu tena, si wajinga. Watapita ng'ambo ya korongo." Ng'ambo kulikuwa na chama kingine cha maji, na mwaka mmoja wa ukame sisi tuliwafungia maji siku tatu, nje ya zamu. Miche yao ikafa. Hatukuwahi kuwaomba radhi. "Tuwapelekee bata," akasema Mama Candri. "Tuwaombe radhi leo, maji yakihitajika wayafungue."

Nani angekataa? Nawaulizeni nyinyi, nani angekataa? Walikataa! Mmoja akasema, "Kwa nini tuanze sisi?" Mwingine akasema, "Bata atatoka kwa nani?" Baba Gelis akasema jike lake linaatamia. Wakakutana mwezi ule, wakakutana uliofuata. Radhi ya chama ni ya wote, hivyo wote wakubali, na kila mara mmoja hakukubali. Mwaka ukaisha wanamjadili bata mmoja!

Waholanzi wakarudi, meli mara tatu ya zile za kwanza. Mama Candri hakungoja gogo lipigwe. Alimchukua bata wake mwenyewe, akamtia kwapani, akateremka korongoni, akavuka mto, akapanda ng'ambo. Alfajiri aliondoka, jua la utosi akafika kwa mzee wao, Baba Sempidi. Akapiga magoti. "Tulikosa mwaka ule. Huyu hapa bata. Fungueni maji."

Baba Sempidi akampokea bata kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka yule mzee.

"Mama Candri, tulisikia mnamjadili bata huyu, tukamngoja mwaka mzima. Mngemleta, tungefungua. Sasa maji yana siku mbili mpaka yafike chini." Akamwonyesha kwa kidole. "Na wale wamepita tangu asubuhi."

Kule chini ardhi ilikuwa kavu. Njia za magurudumu zilionekana waziwazi, zimenyooka kwenda kwa mfalme.

Mfalme alikataa kushikwa. Alitoka langoni na nyumba yake yote, wake, wazee, watumishi, wamevaa nyeupe, maua kichwani, wakazifuata bunduki kwa miguu yao. Hawakusimama. Candri alikuwamo, kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe kimefungwa kifuani. Mama yake aliisikia milio kutoka ng'ambo ya korongo, na hakuna alichoweza kufanya. Mimi sitawasimulia zaidi ya hapo. Nina hasira hata leo.

Sikilizeni vizuri. Aliyeua ni mwenye bunduki. Mtu akiwaambia ni bata aliyeua, mkatalieni. Lakini bata wa kulifungua lango la maji alikuwa wetu, na sisi ndio tulioliacha limefungwa.

Mama Candri aliporudi, Baba Gelis alikuwa anamngoja njiani. Alitaka kumwita, hakujua kama jina lile la mwana aliyekufa bado alitamke.

"Niite Mama Candri," akasema yule mama. "Jina langu ni hilo."

Baba Gelis akapanda bwawani bila mkutano, bila kumuuliza mtu, akafunga lango lake, maji yampite yashuke mpaka chini. Ndiyo maana mpaka leo, msimu ukianza, jaruba la chini kabisa ndilo linalokunywa kwanza. Na ndiyo maana katika ukoo wetu, watu wakikosana, hatuulizi nani aanze. Tunasema, mpeleke bata leo.

Mnanisikia? Bata apelekwe mapema, mizinga ingali baharini.

Basi, mzigo wangu nimeutua hapa, auchukue mwenye mabega. Na wewe uliyesukumwa nje ya mkeka, mbona bado umekaa chini? Nani alimsukuma? Sitaki kujua nani alianza. Sogeeni.