Udongo wa Ukuta wa Mama

Tegeni masikio, maana hili silisemi mara mbili.

Zamani, watu wa mlimani kwetu walijenga kwa udongo mpya tu. Nyumba ikichakaa, waliiacha iporomoshwe na mvua, wakaenda kuchimba udongo mwingine kando ya chemchemi. Ule wa zamani, walisema, una ugomvi wa wenyewe na pumzi za marehemu. Upuuzi mtupu, lakini nani angewaambia!

Shimo likapanuka hata likaifikia chemchemi, maji yakageuka tope. Wazee wakapiga marufuku kuchimba. Walikuwa na haki, ila marufuku hiyo ilimkuta Mghoi pabaya: nyumba yake imebomoka, mvua ziko mlangoni, na mgongoni ana mtoto anyonyaye.

"Tushukeni nyikani kwa wajomba," alisema Mwadime, mumewe. "Hapa hatuna ukuta."

Mghoi alikataa katakata. Homa ya huko nyikani ndiyo iliyommaliza kifungua mimba wake. Huyu wa pili hampeleki, liwalo na liwe.

Akalitazama rundo la ukuta wake. Aliyeukandika ni mama mkwe wake, marehemu Wakesho, na alama za vidole vyake zilikuwa bado zimo. Mghoi alimpenda sana yule bibi, akalia. Kisha akaumwagia maji yale yale ya tope, akaanza kuukanyaga.

"We Mghoi!" majirani wakamaka. "Unamkanyaga mama mkweo?"

"Namwomba anilindie mjukuu wake," akajibu, na miguu haikusimama.

Kumbe majani yaliyoozea ndani ya udongo ule yaliufanya unate kuliko ule wa shimoni! Fito nzima Mwadime akazirudisha ukutani, zilizoliwa na mchwa zikaenda kurutubisha shamba. Mvua ikaja kwa hasira zake, ukuta usipate hata ufa. Wale waliomaka wakachukua majembe, kila mtu na gofu lake. Shimo likaachwa, chemchemi ikatakata.

Yule mtoto, Mkamburi, alikua akaposwa. Siku ya kuondoka, mama yake alibandua donge la ukuta, akamtwika.

Na tangu siku hiyo, kwetu nyumba haitupwi. Na binti akiolewa hubeba ungo wa udongo, akauchanganye kwenye ukuta wake mpya. Mama ndiye anayeubandua, kwa mkono wake mwenyewe, pale kando ya kitanda alichomzalia.